Moto na Maua Katika Ibada ya Wahindu: Je, Wanauabudu Moto?

Miongoni mwa maswali tunayoulizwa tunapozunguka vijijini, yako yanayojibika kwa aya moja, na yako yanayomlazimu mwalimu arudi nyumbani akatafakari. Swali nililoulizwa Mpapura, katika wilaya ya Mtwara, lilikuwa la namna hii ya pili.

Baada ya darasa la jioni alinijia kijana mmoja aliyeingia katika Uislamu si zamani sana. Kazi yake ni kupanga bidhaa na kubeba mizigo katika duka la Mhindu mmoja mjini Mtwara. Kila asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajahudumiwa, mwenye duka husimama mbele ya picha ndogo iliyowekwa juu ya rafu. Huweka ua mbele yake, huwasha udi wa vijiti, kisha huchukua taa ndogo ya samli na kuizungusha mbele ya picha ile. Siku moja kijana huyu akawaambia wenzake, "Tazameni, mzee anauabudu moto!" Wote wakacheka. Alidhani mzee hakusikia, kumbe alisikia. Mzee alimaliza ibada yake, akamwita kijana kando, akamwambia pasipo hasira: "Wewe waniona nauabudu moto. Nami adhuhuri na alasiri nakuona ukitandika mkeka nyuma ya magunia na kuinama kuelekea nyumba ya mawe iliyoko Makka. Je, wewe waiabudu nyumba?"

Kijana alikosa la kusema. Akanijia na swali lile lile: "Mwalimu, nimwambie nini?"

Ndugu msomaji, jibu lipo, wala si gumu. Lakini haifai kulitoa kabla hatujajua mwenzetu anafanya nini na ana maana gani. Mwalimu wangu katika chuo cha dini ng'ambo alikuwa hamruhusu mwanafunzi kuijibu dini ya watu mpaka kwanza aieleze kwa namna ambayo wenyewe wangesema, "Naam, ndivyo tusemavyo." Basi na tuifuate njia hiyo.

Kwanza, tunamzungumza nani?

Katika Kiswahili chetu neno "Mhindi" latumika kwa kila mtu mwenye asili ya Bara Hindi, awe wa dini yo yote. Mhindi aweza kuwa Mwislamu, kama walivyo Makhoja na Mabohora. Aweza kuwa Singasinga, aweza kuwa Mkristo wa Goa, na aweza kuwa mfuasi wa dini ya Kihindu, ambaye wazee wetu walimwita Baniani. Wako pia Waparsi, wafuasi wa Zarathustra, ambao wazee wao walihama Iran wakaingia India, na baadhi yao wakaja kukaa Unguja, wakawa na hekalu lao la moto huko. Hao ndio waliokuwa wakiitwa "waabudu moto" tangu zamani, na hata wao hulikataa jina hilo, wakisema moto kwao ni alama ya nuru ya Mungu. Wahindu ni watu wengine kabisa. Anayewachanganya hawa wote ameanza somo kwa kukosea mlango.

Wala Wahindu si wageni wa jana katika pwani hii. Katika karne ya 19, enzi za Seyyid Said, nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, aliyekuwa Mhindu, ndiyo iliyokodi ushuru wa forodha ya Unguja. Mikindani, karibu kabisa na Mtwara, majumba ya kale ya wafanyabiashara wa Kihindi yanashuhudia jinsi walivyokaa nasi. Dar es Salaam mahekalu yao yako Mtaa wa Kisutu, na Nairobi lilifunguliwa mwaka 1999 hekalu kubwa la mawe na miti ya kuchongwa la jumuiya ya Swaminarayan. Tumeuziana nguo, chumvi na mafuta ya taa kwa vizazi vingi, na pamoja na hayo tulilojifunza juu yao ni methali ya "Baniani mbaya kiatu chake dawa." Yaani tumekijua kiatu chake, yeye mwenyewe hatukumjua.

Tena Mwislamu anayo sababu kubwa zaidi ya kuwafahamu. Kurani Tukufu inafundisha ya kwamba hakuna umma uliopita bila kufikiwa na mwonyaji (35:25, hapa tunahesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza), na ya kwamba wako mitume ambao habari zao hakusimuliwa Mtume Mtukufu s.a.w. (40:79). India ni nchi kubwa yenye watu wengi tangu zama za kale. Je, Mola wa walimwengu wote aliisahau? La hasha. Kwa sababu hiyo Seyidina Ahmad a.s. alieleza katika hotuba yake ya Sialkot mwaka 1904 ya kwamba Krishna alikuwa mtu mteule wa Mungu, nabii wa wakati wake; na katika maandishi yake ya mwisho, mwaka 1908, aliwaita Waislamu na Wahindu waheshimiane wakubwa wa dini zao. Basi tunapoitazama ibada ya Wahindu tunatazama nyumba ambayo hapo mwanzo iliwashwa taa kutoka mbinguni, hata kama baadaye moshi umeifunika.

Moto wao una maana gani?

Vitabu vya kale kabisa vya Wahindu vinaitwa Veda, na cha kale kuliko vyote ni Rigveda, chenye nyimbo 1,028. Neno la kwanza la wimbo wa kwanza ni jina la Agni, yaani moto, na nyimbo karibu 200 zimeelekezwa kwake. Wakati ule hawakuwa na mahekalu wala sanamu. Walijenga madhabahu ya udongo au matofali uwanjani, wakawasha moto, wakamimina samli na nafaka ndani yake, huku makuhani wakisoma.

Kwa nini moto? Wazee wetu wa Kimakonde na Kimakua waliojua kupekecha moto wataelewa upesi. Moto wa madhabahu ulipatikana kwa kupekecha kijiti juu ya kijiti. Watu wakaona jambo la ajabu: mti ni baridi, nao una moto ndani yake. Kitu kisichoonekana kimetokea, kikang'aa, kikala kilichowekwa mbele yake, na moshi wake ukapanda juu. Wakasema: moto ni mjumbe. Sisi tuko chini, mbingu ziko juu, na huyu ndiye achukuaye sadaka ya watu na kuipeleka juu. Kwa hiyo wakamwita Agni kuhani wa nyumbani, tena kinywa ambacho kwacho miungu hupokea chakula.

Maana hiyo ya ujumbe na ushahidi haikuondoka mpaka leo. Mhindu aoapo, bwana na bibi arusi huuzunguka moto na kutembea hatua saba mbele yake, na kila hatua ina ahadi yake. Moto ndio shahidi wa ndoa. Na Mhindu afapo, mwili wake hutolewa kwa moto, na kwa kawaida mwana wa kiume ndiye auwashaye. Kwao hiyo ni sadaka ya mwisho: mtu aliyetoa samli na nafaka maisha yake yote, sasa anatolewa yeye mwenyewe.

Katika hekalu moto umekuwa mdogo, umekuwa taa. Ibada ile aliyoiona kijana wetu dukani huitwa aarti. Kuhani huchukua taa yenye tambi zilizolowekwa samli, mara nyingi tambi tano, au kipande cha kafuri kinachowaka, akaizungusha mbele ya sanamu kwa kufuata mkono wa kulia, huku kengele ikilia na watu wakiimba. Kisha taa hupitishwa kwa watu. Kila mmoja huiweka mikono yake juu ya mwali kidogo, halafu huigusa macho na paji la uso. Ukiuliza maana, wataalamu wao watakuambia ya kwamba zamani mahali patakatifu pa ndani palikuwa na giza, na taa ndiyo iliyomwonyesha mwabudu kile alichokuja kukiona. Watakuambia tena ya kwamba tambi tano ni hisi tano za mwanadamu, au asili tano za ulimwengu, zote zikirudishwa kwa mwenyewe.

Juu ya kafuri wana mfano mzuri. Sisi watu wa pwani twaijua kafuri kwa harufu ya maiti anayetayarishwa kwa safari. Wao huitazama inavyoungua: hutoa mwanga, hutoa harufu, kisha huisha bila kuacha hata jivu. Husema, hivyo ndivyo nafsi ya mtu, ile isemayo "mimi, mimi," ipasavyo kuisha mbele ya Mungu.

Ndugu msomaji, usiogope kukiri uzuri wa maana hiyo. Kurani Tukufu nayo yatutaka tuutazame moto tuuwashao, tujiulize ni nani aliyeufanya mti wake, na yasema umefanywa kuwa ukumbusho na manufaa kwa wasafiri jangwani (56:72-74). Katika Sura Ya Sin tunaambiwa Mungu ndiye aliyetutolea moto kutoka katika mti mbichi (36:81). Musa a.s. aliuendea moto akitafuta kijinga cha kuotea watu wake baridi, akapata utume. Lakini angalia tofauti: katika habari zote hizi moto wafundisha wala haupokei. Musa hakuulisha moto ule samli. Alisikia sauti, akaamriwa avue viatu na amwabudu Aliyesema.

Na maua je?

Maua yaliingia baadaye kuliko moto. Zilipojengwa nyumba za ibada na kuwekwa sanamu ndani yake, sadaka ya wanyama na samli motoni ilipungua nguvu, na mahali pake ikashika ibada ya kumkaribisha Mungu kama mgeni mtukufu. Hii ndiyo iitwayo puja. Wako wataalamu wa lugha wasemao neno hilo lenyewe latokana na neno la Kusini mwa India lenye maana ya ua, ingawa wengine hawakubali.

Ibada kamili ina huduma kumi na sita: mgeni huitwa, hupewa kiti, huoshwa miguu, hupewa maji, huogeshwa, huvikwa nguo, na kuendelea. Asiye na wasaa hutoa vitu vitano tu: msandali, ua, udi, taa na chakula. Walimu wao huvilinganisha vitano hivi na asili tano za ulimwengu: msandali kwa ardhi, ua kwa anga, udi kwa hewa, taa kwa moto, na chakula kwa maji. Maana yake ni kama kwamba mtu anasema, "Ulimwengu wote ni wako, nami nakurudishia kidogo kidogo kila sehemu yake."

Ua lina adabu zake. Liwe bichi, lisiwe limeokotwa chini, na mtu asilinuse kabla hajalitoa, kwa sababu harufu yake ya kwanza si haki yake. Likisha kutumika halitolewi mara ya pili. Yungiyungi laheshimiwa kuliko maua mengine, kwa kuwa mizizi yake imo matopeni na ua lake limesimama juu ya maji likiwa safi. Wanasema mtu naye awe hivyo duniani. Wafuasi wa Vishnu hutoa majani ya tulsi, ambayo ni ndugu wa mrehani wetu, ule ule tunaoupanda karibu na mlango. Wafuasi wa Shiva hutoa majani matatu ya mti uitwao bilva. Wakati wa Diwali, wafanyabiashara wengi wenye asili ya Gujarat huleta hata daftari zao mpya za hesabu mbele ya ibada, wakaziwekea alama nyekundu na maua, ili biashara ya mwaka ianze kwa jina la dini.

Tena iko katika kitabu chao cha Bhagavad Gita, katika sura ya 9, habari ya Krishna kueleza ya kwamba hata jani, ua, tunda au maji kidogo, vikitolewa kwa mapenzi na moyo safi, vinapokelewa. Ukilitazama neno hili kwa makini utaona lina harufu ya unabii. Mkazo haukuwekwa juu ya ua, umewekwa juu ya moyo. Je, si sawa na mafundisho ya Kurani ya kwamba nyama na damu za wanyama wa sadaka hazimfikii Mwenyezi Mungu, ila kinachomfikia ni uchaji wetu (22:38)?

Wala sisi Waislamu si adui wa ua. Mtume Mtukufu s.a.w. alipenda manukato, na imepokewa katika Sahihi Muslim ya kwamba alifundisha mtu akipewa rihani asiikatae, kwa sababu ni nyepesi kuchukua na harufu yake ni nzuri. Asumini na vikuba vya pwani si dhambi. Swali ni moja tu: ua hili lapelekwa kwa nani?

Wahindu wenyewe hawakubaliani

Yafaa ujue ya kwamba Wahindu si watu wa neno moja. Wanafalsafa wao wengi husema Aliye wa Kweli hana umbo, na sanamu ni msaada tu kwa akili isiyoweza kushika kisichoonekana. Wengine husema la, Mungu kwa rehema zake hukaa kweli kweli ndani ya sanamu iliyotiwa pumzi kwa ibada maalum.

Na mwaka 1875, mjini Bombay, Swami Dayananda Saraswati alianzisha Arya Samaj, jamii ya Wahindu wanaokataa sanamu kabisa. Hao waliingia Afrika Mashariki mapema, na Nairobi wamekuwa na chama chao tangu mwaka 1903. Nenda katika nyumba yao ya ibada, hutaona sanamu ya kupewa maua. Utaona kitako cha moto, na watu wameketi kukizunguka, wakitia samli na manukato ya miti huku wakisoma Veda. Wao husema moto hausikii maombi, bali husafisha hewa na kumkumbusha mtu kujitoa. Basi anayesema "Wahindu wote wanaabudu sanamu" hajasema kweli, na anayesema "Wahindu wote wanaabudu moto" amesema uongo zaidi.

Jibu la swali la mzee

Sasa turudi dukani. Je, Mwislamu anaiabudu Al-Kaaba?

Kwanza, Kurani yenyewe yasema mashariki na magharibi ni za Mungu, na po pote mtu aelekeapo uso wa Mungu uko huko (2:116), na ya kwamba wema si kugeuza nyuso upande huu au ule (2:178). Pili, Waislamu waliokuwa Madina waliswali miezi kama kumi na sita wakielekea Yerusalemu, kisha wakaamriwa kugeuka (2:143-145). Kama nyumba ndiyo iliyokuwa ikiabudiwa, basi siku ile wangekuwa wamebadilisha Mungu, na hakuna aliyeona hivyo. Tatu, Makka ilipofunguliwa, mwaka 630, Bilal r.a. alipanda juu ya paa la Al-Kaaba akaadhini. Nani apandaye juu ya kichwa cha mungu wake? Nne, Sayyidna Umar r.a. alipolibusu Jiwe Jeusi alitangaza mbele ya watu ya kwamba alijua kuwa ni jiwe tu, lisilodhuru wala kunufaisha, na lau hakumwona Mtume akilibusu asingelibusu. Tano, Sura Al-Kuraishi yaamrisha kumwabudu Mola wa nyumba hii (106:4). Haikusema nyumba.

Mzee wa duka akisikia haya aweza kusema, "Vema. Nami siabudu picha, namwabudu aliye nyuma ya picha. Tu sawa." Hapa ndipo penye fundo la somo letu, na hapa usikimbilie kushangilia.

Hatu sawa, na tofauti ni hii. Al-Kaaba ni upande. Haipewi chakula, haiamshwi asubuhi, haiogeshwi ili ifurahi, haiombwi mtoto wala faida ya duka. Safu zote za dunia huigeukia ili zipate kuwa safu moja, na maneno ya sala hayaitaji hata mara moja kama inayosikia. Lakini sanamu ya hekaluni ni mpokeaji. Taa huzungushwa mbele ya macho yake, ua huwekwa miguuni pake, chakula huletwa kinywani pake, na jioni hulazwa. Hata kama mwanachuoni atasema hiyo ni alama tu, matendo yenyewe yamemfundisha mtoto aliyesimama nyuma ya mama yake ya kwamba yule pale ndiye apokeaye.

Alama njema ni kama kidole kinachoonyesha mwezi mwandamo. Kikisha kuonyesha, watu hutazama mwezi. Kidole kikivikwa pete, kikapakwa mafuta, kikapewa kiti na kuanza kuombwa, mwezi utazama na hakuna atakayejua.

Hivyo kijana hana haja ya kumwambia mzee, "Wewe wauabudu moto." Hilo si kweli, na Mwislamu hasemi lisilo kweli hata kwa kuitetea dini. Amwambie, "Mzee, maana ya taa yako nimeifahamu, nayo ni nzuri: giza liondoke na nafsi iungue. Lakini naona Mungu yu karibu kuliko taa, wala hahitaji kuonyeshwa. Na ua lile yeye ndiye aliyelifanya. Analotaka kwangu ni mimi."

Tujitazame na sisi

Lakini, ndugu msomaji, kabla hujalitoa jibu hilo, ujipime. Nimewahi kuona katika pwani hii hii makaburi ya watu wema yakiwashiwa taa, yakifukizwa ubani, yakimwagiwa marashi, na mwenye haja ameinama akimwomba aliye kaburini ampe mtoto au ashinde kesi. Taa, manukato, na mpokeaji asiyesikia. Tofauti na hekalu iko wapi? Nimewaona pia walioacha kupeleka unga chini ya mti mkubwa kwa ajili ya mizimu, wakashona hirizi kiunoni na kudhani wamehama. Wamebadili kitambaa tu.

Na hata sala yenyewe yaweza kuwa alama iliyokufa. Kurani yawaonya kwa ukali waswalio huku wameghafilika na sala zao (107:5-6). Mhindu azungushaye taa kwa moyo unaomtafuta Mungu yuko safarini, nasi twamwombea afike. Mwislamu agongaye kichwa chini huku moyo wake ukihesabu gunia za korosho ameketi mlangoni na kulala. Kijana wetu aliswali nyuma ya magunia, hilo ni jema sana. Lakini mzee alimwona akiswali, kisha akamsikia akidhihaki. Je, sala ile ilimfundisha nini mzee juu ya Uislamu?

Mwenyezi Mungu ametukataza kuwatukana wale wanaoombwa badala yake, watu wasije nao wakamtukana Mungu kwa kutojua (6:109). Tena ametuamuru tujadiliane kwa njia iliyo njema (29:47). Amri hizi mbili zatuhusu sisi zaidi, maana sisi ndio tunaotaka kusikilizwa.

Kijana afanye nini?

Nilimwambia mambo matatu. La kwanza, aende akaombe radhi, si kwa sababu taa ni haki, bali kwa sababu dhihaka ni batili. La pili, mzee akisimama katika ibada, anyamaze na kuwanyamazisha wenzake. Asishiriki, wala asicheke. La tatu, akipewa chakula kilichokwisha kutolewa mbele ya sanamu, akikatae kwa adabu na kueleza sababu, kama vile mzee naye akataavyo kwa adabu nyama anayoletewa. Kukataa kwa heshima hakuvunji ujirani.

Juma lililofuata alirudi. Alisema alifika dukani mapema, akangoja mpaka taa imezimika, kisha akaomba radhi na kueleza habari ya Bilal kupanda juu ya Al-Kaaba. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akasema miaka yote aliyokaa Mtwara amewauzia Waislamu bidhaa, na hakuna aliyewahi kumweleza jambo hilo. Kisha akamuuliza swali jingine: kwa nini sisi hatuweki hata picha moja ya Mtume wetu?

Kijana anataka jibu la swali hilo nalo. Tutalisoma pamoja, inshallah.

Mwenyezi Mungu, ambaye ni Nuru ya mbingu na ardhi (24:36), atuwashie mioyoni mwetu ile taa isiyohitaji samli ya mikono yetu. Amin.

Maswali kwa ajili ya madarasa

1. Ni watu wa dini gani mbalimbali tunaowaita kwa jina moja la "Wahindi"?
2. Moto wa madhabahu ya kale ulikuwa na kazi gani kwa mujibu wa Veda, na Kurani Tukufu yauelezaje moto?
3. Arya Samaj wanatofautianaje na Wahindu wanaotoa maua mbele ya sanamu?
4. Taja dalili tano zinazoonyesha ya kwamba Waislamu hawaiabudu Al-Kaaba.
5. Katika kijiji chako, ni alama gani ambazo watu wamezigeuza kuwa wapokeaji wa maombi? Wewe mwenyewe umeacha ipi, na ipi bado?